Nusu Saa ya Mama Pacha

Saa saba mchana ukumbi wa chini wa jengo lile hujaa watu mpaka pa kuweka mguu hakuna. Siku hiyo walizidi, maana lifti ilikuwa imelala wiki nzima na sasa imeamka. Fundi wake, mwanamume mrefu mwenye ovaroli la kijivu, alisimama mlangoni akiwapakia watu kwa mbwembwe. Akapita mwanamke mwenye gauni la bluu la ofisini na raba nyeupe miguuni, akaelekea zake ngazini.

"Dada, lifti imepona," fundi akamwita.

"Hongera," mwanamke akajibu, akapanda.

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Jambo hilo likamkaa fundi rohoni. Siku ya nne akamzibia njia.

"Lifti yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Daktari ndiye kaniandikia ngazi."

Huyu alikuwa karani wa masjala, ghorofa ya nane. Wenzake humwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili wa miaka saba. Baba yao aliondoka zamani, tuachane naye. Mama Pacha presha ilikuwa imempanda, na mama yake mzazi alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka arobaini na mmoja. Yeye alikuwa na thelathini na tisa. Daktari akasema mazoezi, nusu saa kila siku. Nusu saa, ati. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, apike uji, achane vichwa viwili, atafute soksi ya nne isiyoonekana kamwe, akimbilie kituoni na watoto, kazini, sokoni, jikoni, kisha hesabu za kujumlisha hadi kope zinagongana. Iliyobaki ni ile ya chakula cha mchana. Basi akawa anakula huku anapanga mafaili, na nusu saa yake anaipeleka ngazini, chini mpaka juu mara tatu.

Fundi akamfuata. Ghorofa ya tatu tu, hoi.

"Anayehitaji daktari ni wewe," Mama Pacha akacheka.

"Nitibu basi."

Ikawa hivyo. Kila mchana fundi alimngoja ghorofa ya nne na chupa ya sharubati na visa vya watu walionasa kwenye lifti. Wiki ya kwanza walipanda mara mbili, ya pili mara moja. Ya tatu walikaa tu, bega kwa bega. Jioni ilikuwa simu.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Napiga pasi sare. Niongeleshe nisisinzie."

Mwezi ulipokatika, akaenda kliniki. Nesi akapima, akakunja uso, akapima tena.

"Mama, presha haijashuka. Mazoezi unafanya kweli?"

 Alipotoka getini Mama Pacha akawawaza wanawe, akapiga simu.

"Fundi, usije tena ngazini."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Usije tu." Akakata, maana angeendelea angelia barabarani.

Fundi naye akanuna. Alijiaminisha kuwa kuna bosi mwenye tai huko ghorofa ya nane, na kwa siku tisa hakupiga. Mama Pacha alipanda mara tatu kila mchana, akimkumbuka na kumkasirikia kila ngazi. Siku ya kumi jioni, akiwa nyumbani anapiga pasi, simu ikaita.

"Niambie ukweli. Una mwingine?"

"Ninaye. Anaitwa presha."

"Presha?"

"Nina watoto wawili na nusu saa moja," Mama Pacha akasema. "Ile nusu saa tuliimaliza kwa sharubati. Nilijua, na sikusema, kwa sababu nilipenda kukukuta unaningoja. Mama yangu alikufa na miaka arobaini na mmoja, akaniacha mdogo, Fundi. Naogopa na wangu nitawaacha hivyo."

"Ungeniambia, mpenzi."

"Nakwambia sasa."



"Asubuhi mnatoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Kwa nini?"

"Mimi naingia kazini saa tatu. Watoto nitawapeleka mimi, wewe ukatembee. Mchana panda ngazi zako, sitakusogelea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakue. Nataka kukuoa, Mama Pacha, na sitaki mke wa kukaa naye miaka miwili tu. Nataka uzeeke, unigombeze mpaka nikome."

Mama Pacha aliketi juu ya rundo la nguo. Alilia bila kujificha, na mabinti wakaja kumtazama.

"Upo?" fundi akauliza.

"Nipo. Kusuka nywele unajua?"

"Sijui."

"Basi kesho njoo saa kumi na mbili kamili, uanze kujifunza. Vichwa viko viwili."