Mlango Alioufunga Kamanda

Haya yalimpata dada yangu, tumbo moja mimi na yeye, na ninayaandika kama alivyonisimulia huku amempakata mwanawe, maana tangu siku ile hamwachi peke yake.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Mumewe alikunywa chai amesimama, akalalamika soksi moja haionekani, akambusu mtoto, akashusha kibati chake ubaoni, akaenda kazini.

Hilo la kibati inabidi nilieleze. Walikuwa wanaishi kwa baba mkwe, na pale ukumbini, karibu na mlango wa mbele, kulikuwa na ubao wenye misumari safu mbili. Safu ya juu imeandikwa NDANI, ya chini NJE. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na kibati chake cha shaba kilichochongwa jina. Ukitoka unakishusha, ukirudi unakipandisha, hata kama ulikwenda kununua kiberiti tu. Mzee alikuwa ofisa mkubwa wa jeshi la majini, mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Kamanda. Alianza kwa kusugua sitaha, akasomeshwa, akawa ofisa, akawa msaidizi wa nahodha kwenye manowari, akawa nahodha mwenyewe, mwisho wakamleta nchi kavu wakampa meza ndefu, simu mbili na dereva. Miaka thelathini na sita. Alipostaafu akarudi nyumbani, na huo ubao akaja nao.

"Baba bado yuko melini," mumewe alizoea kusema. "Sisi ndio tuliodandia bila tiketi."

Dada alikuwa anacheka. Mtoto alikuwa na miezi saba na hakuwa na kibati. Kamanda alikwishamwambia mara mbili.

"Mwanangu, huyu naye achongewe chake."

"Baba, huyu atatoka kwa miguu ya nani?"

Mzee hakucheka. "Yule wa kwetu naye alikuwa hajachongewa," akasema, akaenda zake barazani. Dada akajua ni uzee tu.

Basi Jumanne hiyo, kwenye saa tano asubuhi, mtoto kalala kwenye chumba kidogo kinachopakana na jiko, zamani stoo, mlango uko wazi, kidirisha chake kimoja tu, kiko juu karibu na dari. Dada akabandika maziwa, mara akakumbuka nepi zimekwisha. Duka liko nyumba ya tatu. Mzee anasinzia barazani. Nani hajawahi kufanya hivyo? Akashusha kibati chake, akatoka. Maziwa akayasahau motoni. Na dukani nako akamkuta muuza duka anazozana na fundi wa friji, huyu anasema friji limepona, yule anasema limekufa kabisa, na zile dakika tano zikawa ishirini.

Harufu ilimpokea getini.

Alikimbia. Ukumbi ulikuwa na ukungu wa moshi, lakini jiko limezimwa, sufuria nyeusi imetupwa kwenye sinki, dirisha la jikoni liko wazi. Mzee alikuwa amefanya kazi yake. Alhamdulillah, akasema moyoni, halafu akakiona kile chumba kidogo.

Mlango umefungwa. Komeo la nje limesukumwa hadi mwisho. Chini ya mlango kumeshindiliwa taulo zilizolowa maji. Na Kamanda amesimama mbele yake, mgongo umegusa mbao, amevaa singlendi na suruali ya kulalia, amenyooka, mikono pajani.

Ndani ya chumba, mtu alikuwa anagonga.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

"Baba, mtoto yuko humo."

"Ubao unasema hamna mtu." Alinong'ona.

"Baba, nisikilize. Mtoto."

"Nimehesabu. Wote wako nje, isipokuwa mimi."

Mara tatu. Kimya.

Ndipo dada akapatwa na wazo moja. Mtoto wa miezi saba hagongi mlango. Na mlio ule ulikuwa unatokea juu, usawa wa bega la mtu mzima.

"Nani anagonga, baba?"

"Huyo hugonga siku zote."

Akamweleza, kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbali. Chumba cha injini kilishika moto baharini. Kila anayeshuka kule hupandisha kibati, akitoka hukishusha. Yeye ndiye aliyesimamia. Akautazama ubao, vibati vyote viko nje. Akafunga mfuniko wa chuma, akafungulia gesi ya kuzima moto. Kisha wakasikia kugonga.

"Kijana mgeni, alikuwa ameripoti melini asubuhi ile ile," mzee alisema. "Kibati chake kilikuwa bado kwa fundi."

"Na hukufungua?"

"Ningefungua, moto ungepanda. Tulikuwa watu mia moja na arobaini." "Waliponihoji nikasema sikusikia kitu. Wakanipandisha cheo."

Dada alimvuta. Akamkwaruza, akamng'ata mkono. Mzee hakutikisika, kama vile amepigwa ribiti pale. Na kilichomtia wazimu dada si kugonga. Ni kwamba mtoto wake, anayelia hata nzi akimgusa, hakuwa analia.

Aliutazama ubao. Ulikuwa mbele yao, ukumbi umenyooka, mzee anauona kutoka pale aliposimama. Dada akaenda. Akang'oa kibati chake kwenye NJE. Akakitundika NDANI.

"Kamanda," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mtu mmoja yuko ndani. Hajachongewa. Namsemea mimi."

Mzee akatazama. Midomo ikahesabu. Akahesabu tena.

Akavuta komeo.

Moshi ulikuwa umejaa kutoka darini hadi kiunoni. Kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa sakafuni, chini kabisa, kwenye kona, pale moshi ulipokuwa haujafika. Alikuwa macho, kimya. Anatazama juu, katikati ya moshi, kama mtoto anavyomtazama mtu aliyemlaza.

Dada akamnyakua, akatoka. Nyuma yake Kamanda akaingia. Alimsikia akisema, taratibu, kama anambembeleza mwanawe wa kumzaa, "Toka sasa. Toka basi, mwanangu. Nimefungua."

Mlango ukajifunga.

Haukubamizwa. Ulijifunga tu. Na komeo, lililokuwa upande huu wa dada, mbele ya macho yake, likasogea.

Alilivuta kwa mkono mmoja, mtoto begani. Akalivuta kwa uzito wake wote. Halikwenda. Akapiga kelele hadi muuza duka na yule fundi wa friji wakaja, na fundi alipoligusa likateleza kama lina mafuta. Mzee alikuwa amekaa kitandani, amekufa. Moshi wote ulikuwa umekwisha. Hospitali waliandika moyo.

Walizika, wakahama.

Siku ya tatu baada ya mazishi, dada alipokuwa anamwogesha mtoto, ndipo alipouona. Mgongoni, kati ya mabega, kuna mkono. Kiganja na vidole vitano, vipana, vya mwanamume, vyeusi kwa grisi. Alitumia sabuni, akatumia mafuta ya kula, akatumia mafuta ya taa hadi ngozi ikawa nyekundu. Nesi wa kliniki akaandika kwenye kadi kwamba ni alama ya kuzaliwa, na dada hakubishana naye.

Mtoto sasa ana mwaka na nusu, anatembea. Mgongo umepanuka, na ule mkono umepanuka nao. Juzi dada alinifunulia shati nione. Anaapa kwamba zamani vidole vilikuwa vimenyooka.

Sasa vimekunjika kidogo, kama vya mtu anayetaka kushika vizuri zaidi.