Aliyemshikia Lango

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu walipoingia kwenye kile kijia chembamba chenye nyasi katikati. Oktoba ilikuwa inaisha. Saa kumi na moja jioni, na giza, kama kawaida ya huko majira ya baridi yakikaribia, lilikwishaanza kujikusanya chini ya michongoma. Dervla alikaa kiti cha mbele, skafu ameipandisha hadi chini ya macho. Aliyeendesha gari ni mama yake mdogo, Imelda, mwanamke wa maneno mengi ambaye breki aliziona kama ushauri tu.

"Sasa nisikilize," alisema Imelda. "Ukiingia kwa mganga, msalimie, kaa, nyamaza. Akimaliza, ondoka. Usiseme asante."

"Umeshaniambia, Mamdogo."

"Nakwambia tena kwa sababu nakujua. Wewe unaishukuru hata mashine ya tiketi."

"Nisiposhukuru ataniona sina adabu."

"Ataona umelelewa. Mwenye tiba hashukuriwi, basi. Mjomba wako Fintan alimwambia asante yule bwana anayetibu mkanda wa jeshi, akakaa na mkanda wake mpaka Pasaka. Tulimwita Jenerali."

Dervla alicheka, na kucheka kukamuuma. Chini ya taya la kushoto alikuwa na uvimbe mpya, mgumu kama punje ya mahindi, uliopiga kwa mapigo ya moyo wake.

Hakuwa mtu wa kwenda kwa waganga. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa mwisho, na chunusi zake alizitibu kama mtu anayeandika tasnifu. Alianza na dawa za kupaka, zile zinazochubua, mpaka foronya zake za bluu zikawa na madoa meupe na nyusi zikageuka rangi ya shaba. Antibayotiki zikamchafua tumbo na kumfanya aungue kwa jua la kwao Leitrim, penye mvua mwaka mzima, ambalo halijawahi kumuunguza mtu. Vidonge vya uzazi wa mpango, alivyoandikiwa kwa ajili ya ngozi, vikamfanya alie mbele ya matangazo ya televisheni. Aliacha maziwa, na katika ukoo wake kukataa maziwa kwenye chai ni kama kuukana ukoo. Mama yake akamnawisha kwa maji ya kisima kitakatifu. Mwishowe daktari wa ngozi akampa vile vidonge vya mwisho, vikali, vinavyoukausha mwili mzima. Midomo ilipasuka, pua ikatoka damu, magoti yakauma kama ya bibi kizee. Ngozi ilikuwa imeanza kutulia vipimo vya ini vilipokuja vibaya. Daktari akavisimamisha. Uso ukarudi kama ulivyokuwa, na nyongeza.

Kisha yakaja mazoezi ya kufundisha. Darasa la watoto wadogo, wa miaka mitano na sita. Siku ya tatu mtoto mmoja alimuuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, nani alikuchoma?" Wiki iliyofuata mzazi fulani alimwuliza mwalimu mkuu kama ule ugonjwa unaambukiza. Dervla akaomba ruhusa, akasema ana mafua. Mwalimu mkuu, Bi. Mulvey, hakudanganyika. Akamwambia apumzike, ila arudi baada ya likizo fupi. Asiporudi, mazoezi hayatahesabiwa, na bila mazoezi hakuna cheti.

Ndiyo maana alikuwa kwenye gari hili.

"Nitakusubiri hapa barabarani," Imelda alisema, akizima taa. "Asiyeumwa haingii."

Attracta Gilhooly alikuwa mjane mfupi aliyevaa sweta la mwanaume. Aliishi peke yake. Jikoni mwake mlikuwa na moto wa mboji iliyokaushwa, inayochomwa huko kama kuni, na redio iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa sauti ya chini. Hakuuliza kitu. Alimketisha karibu na moto, akaifungua skafu kwa mikono yake, akatazama.

"Maskini," alisema tu.

Alichanganya majivu na siagi isiyo na chumvi, akaanza kubonyeza kila uvimbe kwa dole gumba, mmoja mmoja, akinong'ona maneno ambayo Dervla hakuyashika. Haikuuma. Hilo ndilo lililomtisha. Hakuna mtu aliyewahi kumgusa pale bila kumuumiza.

Alipomaliza, Attracta alinawa kwenye beseni, akalitoa nje. Dervla alisikia viatu vyake kwenye changarawe, halafu maji yakimwagwa mbali, pale langoni, penye mti wa miiba.

Akarudi na beseni tupu. "Basi. Nenda sasa."

Neno lilimfikia Dervla kwenye ulimi. Akaling'ata. Akaaga kwa kichwa, akatoka kama mwizi.

Nje giza lilikuwa limekamilika. Manyunyu. Changarawe ikilia chini ya viatu vyake. Alijiona shujaa, kwa kweli, alikuwa ameweza.

Lango lilikuwa wazi.

Mtu alikuwa amelishika. Mrefu, kofia imeshuka, amejibana upande wa mti ili apitishe mgeni. Jirani, alifikiri. Dervla akainamisha kichwa kidogo, kama ufanyavyo mtu anapokushikia mlango, akapita.

"Asante," alisema.

"Tuko pamoja," ile sauti ikajibu.

Ndipo harufu ilipomfikia. Si ya sufu iliyolowa, si ya mboji. Ilikuwa ya foronya yake asubuhi... usaha uliokauka, na damu kidogo.

Hakugeuka nyuma.

"Vipi?" Imelda aliuliza, akiwasha gari. "Hukusema?"

"Kwake sikusema."

"Kwake?"

"Kulikuwa na mwanaume langoni. Alinishikia."

Imelda alitazama kwenye kioo. Taa nyekundu za nyuma zililimulika lango. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

"Dervla," alisema taratibu, "mimi nimekaa hapa nalitazama hilo lango tangu uingie. Ulilifungua mwenyewe, ukalifunga mwenyewe."

Akatia gia.

*

Alipona. Hilo lisifichwe. Asubuhi uvimbe wa taya ulikuwa umelala. Kabla likizo haijaisha, shavu lote lilikuwa laini, bila hata kovu, na daktari angeona makovu kuwa jambo la lazima. Mama yake alilia jikoni. Dervla alijigusa uso usiku kucha, kama mtu anayehesabu tasbihi, akitafuta hata kipele kimoja. Hakukipata.

Akarudi shuleni.

Siku ya kwanza watoto waliingia kutoka uwanjani, mstari mmoja, makoti yamelowa. Wote walikuwa wamefundishwa vizuri. Na kila aliyepita mlangoni, Dervla alisikia, alisema asante.

"Mnamshukuru nani?" aliuliza, akitabasamu. Yeye alikuwa ameketi mezani.

"Yule bwana," alisema Ríona, binti mdogo mwenye pengo la meno mawili. "Anayetushikia mlango. Ananuka, lakini nimesema asante hata hivyo. Si ndiyo, Mwalimu?"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kesho yake Ríona alikuja na uvimbe kidevuni. Mwekundu, mgumu, na kichwa cha manjano. Mtoto wa miaka mitano hapati chunusi za namna ile. Dervla alikuwa amesoma kila kitu kinachosomeka kuhusu chunusi. Akauangalia kwa karibu. Aliujua. Mtu huujua uvimbe wake kama aujuavyo mwandiko wake.

Jioni ile alirudi kwa Attracta, peke yake, akaruka ukuta ili asipite langoni.

"Nirudishie," alimwambia. "Niko tayari. Nirudishie uvimbe wangu wote."

Attracta alizima redio. "Mimi nilifundishwa kutoa," alisema. "Kurudisha sikufundishwa. Maji yenye ugonjwa nayamwaga kwenye mti. Bibi yangu alikuwa akiyamwaga kwenye mti. Akasema mtu asishukuru, nami sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni adabu tu."

"Kuna mtu pale kwenye mti."

"Sijawahi kumwona." Akashusha sauti. "Lakini kuna siku nakuta beseni limeshamwagwa."

"Watoto wanamshukuru kila siku."

"Basi wasimshukuru, mwanangu."

Ndivyo alivyofanya. Alisimama mbele ya wale watoto na kuwaambia kuwa katika darasa lake hakuna kusema asante. Mlangoni mtu apite kimya. Walidhani ni mchezo. Wakaucheza vizuri, wakaupeleka nyumbani, wakaucheza mezani kwa bibi zao. Kidevu cha Ríona kikaanza kutulia. Hakuna mtoto mwingine aliyeota uvimbe. Dervla alianza kulala.

Ijumaa, watoto walipokwisha kuondoka, Bi. Mulvey alimwita ofisini.

"Wazazi wanasema unawafundisha watoto utovu wa adabu."

"Ni... zoezi."

"Zoezi gani? Ríona amempokonya baba paroko biskuti bila hata neno. Dervla, mpenzi, nilikutetea ulipokuwa mgonjwa. Leo unang'aa kama malaika, na siwezi kukutetea. Jumatatu utawaambia umekosea. Utawarudisha kwenye asante zao."

Dervla alijiona kwenye kioo cha kabati nyuma ya Bi. Mulvey. Uso safi. Uso ule ule alioomba kwa kila mtakatifu.

"Siwezi," alisema.

"Basi huwezi kurudi."

Alikusanya vitu vyake kwenye boksi: krayoni, jozi ya viatu, michoro ya watoto. Korido ilikuwa tupu, na taa zake zilikuwa zimezimwa upande mmoja. Alikuwa mbali bado na mlango mkubwa ulipofunguka.

Polepole. Mpaka mwisho.

Upepo ulikuwa ukivuma kuingia ndani, pamoja na mvua. Ungepaswa kuubamiza ule mlango mara moja. Haukutikisika. Harufu ikaja pamoja na baridi.

Dervla alisimama. Hakusema kitu. Hakusogea. Alikuwa tayari kulala humo ikibidi.

Nyuma yake visigino vya Bi. Mulvey viligonga sakafu, haraka haraka, funguo zikilia mkononi.

"Bado upo? Usinichukie, mpenzi. Nenda kabla barabara haijajaa maji."

"Bi. Mulvey, usi..."

Lakini Bi. Mulvey alikuwa amekwisha kumpita ubavuni, anapandisha kola, anainamisha kichwa kidogo kwenye kizingiti.

"Asante," alisema.

Kisha akasita. Akageuka. Akaitazama mikono ya Dervla, yote miwili chini ya boksi, mbali na mlango. Akautazama mlango.

Na katika kimya kile, Dervla alisikia mtu akivuta pumzi ili ajibu.