Kengele ya Madoa

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni, wakati wa likizo. Asubuhi Letisia, binti yangu wa darasa la sita, aliwatoa ng'ombe zizini kama kawaida, akawapeleka uwandani chini ya kijiji chetu, Gitting. Mbele alitangulia Madoa, ng'ombe mwenye kengele. Wenzake humfuata kwa kuisikia tu, hata kwenye vumbi.

Kaka yake Letisia, Evarist, alijifunza ufundi simu mjini Haydom. Aliporudi alitengeneza kifaa cha kufunga shingoni mwa ng'ombe, ili simu ionyeshe mnyama yuko wapi. Serikali ilikuwa imetangaza kuwasaidia vijana wenye karakana ndogo za teknolojia kwa mashine na mafunzo. Wakubwa walisema watakuja Ijumaa kukiona kifaa. Wakaja Alhamisi. Wao wana haja gani ya kumwambia mtu?

"Shikamoo, mzee," alisema kiongozi wao, injini ya gari bado inaunguruma. "Tuna haraka. Kijana, huyo ng'ombe wako yuko wapi?"

Evarist akatazama simu. "Yuko... yuko zizini."

Tukaenda zizini. Kifaa kilikuwa shingoni mwa ndama anayenyonya.

"Kumbe umevumbua kamba ya ndama!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Gari lilipoondoka, tulisikia kengele ya Madoa mbali uwandani.

Jioni Letisia alisimama mlangoni, hataki kuingia.

"Kaka, ni mimi. Wiki iliyopita uliniambia nivue kengele nifunge kifaa. Nikafanya hivyo, ng'ombe wakatawanyika. Nilikimbia nao mpaka nikalia. Nikarudisha kengele, kifaa nikamfunga ndama. Ningekirudisha kesho asubuhi, kabla wageni hawajafika."

"Na kila nilipokuuliza, nikakuamini bila hata kutazama simu?"

"Nilisema kinafanya kazi. Niliogopa utaonekana umeshindwa."

Evarist hakumkaripia. Alichukua mkanda wa ngozi, akashona kifaa upande wa juu, kengele akaiacha ining'inie chini. Kesho yake Madoa alitoka na kengele yake, kundi likamfuata, na simu ikaonyesha kila alipopita. Kazi ndogo hivyo!

"Mwanangu," nilimwambia Letisia, "ungesema siku ile ile kwamba kimekataa, kaka yako angekitengeneza. Fundi anahitaji ukweli kuliko sifa. Ukimficha kosa, hujamsaidia, umemwangusha."

Alilia. Marehemu mama yake angemwambia hayo kwa upole zaidi.

Letisia ameshika somo lake. Sasa kifaa kikizima, humwambia kaka yake hata kabla ya kuvua viatu. Wakubwa, sijui wameshika lipi. Evarist amewapigia simu mara nyingi, jibu ni lile lile: watakuja. Mimi sikusoma sana, lakini najua kwamba mtu hafiki mara moja, tena siku isiyo yake, akacheka, akaita huko kusaidia.

Karakana bado ni meza moja chini ya dirisha letu. Na kila gari likisikika barabarani, Letisia huacha kazi aliyoshika, akaniuliza, "Baba, watarudi lini wakione kikifanya kazi?"