Msiba wa Mtazamaji Mmoja

Siku ile mjinga alikuwa Gaudens.

Tulimalize hilo mapema, tusije tukazungushana. Kulikuwa na mwanamke mwerevu, kulikuwa na bibi mkali, kulikuwa na Fuso lililosheheni sumu. Lakini mjinga alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na bastola kiunoni, saa ya Casio yenye kamera, na cheti cha mafunzo ya ujasusi kutoka ng'ambo.

Pikipiki, Boxer, ilikuwa inakata vumbi kutoka Nachingwea. Gaudens aliendesha kwa mkono mmoja, simu ya setilaiti, Thuraya, sikioni.

"Kanga, unanipata?"

"Nakupata, Shangazi."

Kanga lilikuwa jina lake la kazi, na Shangazi hakuwa shangazi yake. Alikuwa bosi wake, Lusiana, mwanamke ambaye akikohoa, Kitengo kizima kinatafuta dawa.

"Mzigo unatoka leo. Mikorosho ya Mbekenyera yote imetoa maua, watu wameshashika mabomba. Wakipuliza ile takataka, maua yanaungua. Hakuna korosho mwaka huu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ghala liko wapi?"

"Chinongwe. Sehemu yenyewe nitaijua nikifika. Shakila kaniita mwenyewe."

"Hakushuku?"

Gaudens akacheka mpaka Boxer ikayumba.

"Atanishukuje, Shangazi? Jina langu halioni."

Hapo ndipo ujinga ulipoanzia.

Shakila alikuwa na duka la pembejeo Ruangwa mjini. Mchana aliuza mbegu na majembe. Pembeni alimsaidia Masoudi, dalali mwenye Fuso, kujaza chokaa na kemikali chafu kwenye mifuko iliyoandikwa salfa, dawa ya mikorosho. Kemikali ilivushwa mto Ruvuma kwa mitumbwi. Mifuko ilichapishwa wapi, hakuna aliyejua.

Na Shakila alikuwa na ugonjwa wa wengi wetu. Hali chakula bila kuweka status WhatsApp. Mzigo ukiingia, anaweka. Akisuka, anaweka. Fuso likiondoka, anaweka na kopa juu yake.

Gaudens, kwa jina la Teddy, mnunuzi wa ufuta kutoka Dar, alibadilishana naye namba. Kisha akaingia kwenye simu yake ya Tecno na kuzima tiki za bluu. Basi. Kuanzia hapo alizitazama status za Shakila zote, na kwenye orodha ya waliotazama hakuwamo. Alitazama akinywa chai gesti Nachingwea. Alitazama akinyoa ndevu.

Mara mbili Fuso lilisimamishwa njiani na kupekuliwa. Mara mbili lilikutwa limeshashusha.

Asubuhi ile aliamka akakuta status ya huzuni. Picha ya mkeka mtupu barazani. Chini yake: *Bibi yangu Biasha wa Chinongwe ametutoka. Nguzo imeanguka.*

Akaipiga skrinishoti. Ushahidi ni ushahidi.

*

Ghala lilikuwa nyuma ya shamba la mbaazi, bati jipya, mlango wa chuma. Shakila alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula muwa. Masoudi alisimama kando, mikono kama mashina ya mkorosho.

"Kaka Teddy! Karibu. Habari za Nachingwea?"

"Salama, dada." Gaudens akavua kofia. Mama yake, Kornelia wa Chiola, alimlea kwa kibao na maneno machache: huingii kwa mfiwa ukaanza na biashara. "Pole sana na msiba."

Muwa ukasimama njiani.

"Msiba upi?"

"Wa bibi. Bibi Biasha."

Shakila akamwangalia Masoudi. Masoudi akamwangalia Shakila. Kisha Shakila akatema kapi la muwa na kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshinda.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia mjini."

"Mjini kwa nani? Bibi yangu yupo kwake, nimemwacha anapepeta mtama na kuwatukana kuku. Yule hajafa popote, kaka. Kafa kwenye simu yako tu."

Gaudens alihisi jasho likishuka mgongoni taratibu, kama lina muda wote wa dunia.

"Kila nikiweka mzigo, barabarani watu wanasimamisha gari," Shakila aliendelea. "Nikawaangalia wanaotazama. Wote ndugu zangu, wote wateja. Nikasema basi, tumtafute asiyeonekana. Wewe tumepeana namba, tunaongea kila siku, lakini hujawahi kutazama hata status yangu moja? Hata ile niliyosuka? Mwanaume gani huyo! Nikaweka ya msiba, nikakuchagulia uione wewe peke yako. Mwenzio hajaiona hata mmoja."

"Dada..."

"Na kwenye waliotazama hupo. Lakini pole umeleta."

Gaudens aliupeleka mkono kiunoni. Alichelewa. Masoudi alimbeba kama gunia la mihogo, akamnyang'anya bastola, Thuraya na Casio, akamtupa chumba cha ndani.

Komeo likalia.

*

Hawakumvua buti. Tecno ilikuwa humo, chini ya soksi, inanuka mguu.

Hakuna salio. Bando la mitandao lilikuwepo. Chaji ilikuwa nyekundu.

Akamwandikia Shangazi: *Nimefungiwa. Ghala Chinongwe, nyuma ya mbaazi. Wanapakia.*

Tiki moja. Ya kijivu.

Shangazi alikuwa njiani kutoka Lindi, kwenye vile vipande vya barabara ambako mtandao ni hadithi.

Akafungua status ya Shakila. Ilikuwa mpya. Fuso, mifuko nusu ya bodi, wimbo wa harusi. *Mbekenyera tunakuja, jiandaeni wapulizaji wetu.*

Aliitazama. Ilikuwa picha nzuri, yenye mwanga. Aliona kila kitu. Aliona hata namba za gari.

Kuona kwake hakukumsimamisha mtu hata mmoja.

Nje, mifuko ilidondoka kwenye bodi. Puu. Puu. Gaudens alisukuma mlango kwa bega. Mlango ulikaa. Akausukuma tena. Bega ndilo lililosogea.

Lilibaki jambo moja. Kwenye ile Tecno alikuwa na namba za watu wa hapa, wauza ufuta na wake zao, watu aliowadanganya kwa wiki kadhaa kwamba atanunua. Katika wote hao, lazima awepo mmoja mwema. Ataweka status. Picha ya mifuko feki, iliyorundikwa pale chumbani. Na Shakila atamwondoa asiione. Hilo alikuwa ameshafundishwa, tena bure.

Akapiga picha. Vidole vimejaa chokaa, macho yanawasha. Akachagua. Akatuma.

Sasa, nani ameiona?

Akabonyeza kijicho cha watazamaji. Hakikuonyesha jina lolote.

Ndipo alipokumbuka. Ukizima tiki zako usionekane, na wewe huwaoni wanaokutazama. Ndiyo masharti. Angeweza kuziwasha, lakini akizitazama tena status za Shakila, jina lake litachomoza, na watajua bado ana simu. Asizitazame, hatajua Fuso limefika wapi.

Aone, au ajue kwamba ameonwa. Achague.

Alikuwa bado anachagua simu ilipozima.

Akakaa chini juu ya mifuko ya sumu, mtu mzima, mpelelezi wa serikali, karibu saa nzima, mpaka akasikia injini ya Fuso ikiwashwa. Mbekenyera nzima ilikuwa imejaza maji kwenye madumu, inasubiri salfa. Hakuwa na la kufanya. Alijaribu kusali, akakuta hata sala anaikumbuka nusu.

Injini ikanguruma. Gia ikaingia.

Halafu, taratibu, injini ikazima.

*

Kwanza alidhani ni upepo. Kisha akasikia vizuri. Ilikuwa vilio. Vilio vya wanawake, vingi, vinakuja na njia.

Mlango ulipofunguliwa, jua lilimpiga usoni, na mbele ya jua alisimama mwanamke mfupi mwenye ungo kwapani.

"Wewe ndiye Teddy?"

"Ndiyo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye umeniua?"

Gaudens akapepesa macho. Nyuma ya bibi palikuwa na watu kama kijiji kizima, wake kwa waume, unga vichwani, kuni mabegani, majembe ya kuchimbia kaburi mikononi. Wanawake walikuwa wametandika mikeka yao ya matanga mbele ya Fuso, wamekaa juu yake, miguu wameinyoosha. Dereva alikuwa amezima mwenyewe.

"Nimekufa kwenye simu ya Teddy," alisema Bibi Biasha. "Napepeta mtama wangu, naona watu wanaingia wanalia. Nawauliza nani kafa? Wananiangalia wanapiga kelele, mmoja kakimbia. Nikasema haya, twendeni kwa mjukuu wangu ghalani, atuambie nani kanizika."

Ndipo Gaudens alipoelewa. Vidole vyenye chokaa. Picha ya mifuko na ile skrinishoti ya msiba zilikaa jirani kwenye simu. Alituma ya jirani.

Kwa mifuko ya salfa wasingekuja hata watatu. Kwa msiba walikuja wote, na vyombo.

Wanaume walikuwa wameshaingia ghalani. Waliona rundo la chokaa, koleo, na mifuko mitupu inayosubiri kujazwa. Hapakuhitajika maelezo. Masoudi alikimbilia kwenye mbaazi. Majembe ya kaburi yakamfuata.

"Shakila," bibi akaita. "Salfa uliyoniletea mimi ni hii?"

Shakila alikuwa ameshikwa mikono na mashangazi wawili. "Hapana, bibi! Wallahi yako ilikuwa ya kweli. Yako peke yako niliinunua dukani kwa watu."

"Yangu peke yangu."

"Ndiyo, bibi!"

"Yaani Chinongwe na Mbekenyera mikorosho yote iungue, ya Biasha peke yake izae?" Sauti ya bibi ilishuka. "Wangesema nini, mjukuu? Wangesema nimewaloga. Wangenitoa ndani ya nyumba yangu. Afadhali ungenipa hiyohiyo chokaa."

Shakila aliinamisha macho kwenye simu yake. Kwa mara ya kwanza tangu anunue simu, hakuwa na cha kuweka.

*

Shangazi alifika na polisi mikeka ikiwa bado mbele ya Fuso. Pingu zikalia. Mifuko ikahesabiwa kuwa kielelezo. Masoudi aliletwa akiwa amejaa vumbi na kashfa.

"Kanga," Shangazi alisema, "ujumbe wako umeingia sasa hivi, hapo kona. Kazi nzuri. Wananchi uliwapangaje?"

"Mbinu, Shangazi."

Akavaa miwani ya jua. Akachukua bastola yake, akafunga Casio, akaelekea kwenye Boxer kwa ule mwendo wa pole waliofundishwa ng'ambo, mwendo wa mtu asiyegeuka nyuma.

"Mbinu ipi?" Bibi Biasha akauliza. "Mimi nimekukuta umekalia mifuko, unalia."

Gaudens akageuka.

"Ilikuwa chokaa, bibi, inawasha macho. Na naomba nisivunjiwe heshima mbele ya mkuu wangu. Kazi hii si ya mchezo. Huyu mjukuu wako nimemtazama muda wote huu. Akila, akisuka, akipakia mzigo. Nimemtazama na hajawahi kuona hata jina langu! Unajua inahitaji ujuzi gani, kumwangalia mtu bila yeye kujua?"

Bibi alitia ungo wake kwapani vizuri.

"Ngedere wa shambani kwangu wananiangalia hivyohivyo kila siku, mwanangu. Lakini wao angalau huondoka na bibo la mkorosho."