Mfano Usio na Jina

Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zilipofika kwenye duka la kudurufu, watahiniwa wa kujitegemea walifurika mpaka barazani. Duka lilikuwa na mashine mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwekewa chupa ya chai juu yake. Joto la mashine lilichanganyika na la miili ya watu. Mwenye duka, mama mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi, alipokea karatasi za kila mmoja, akaandika namba ya simu ya mteja juu ya ukurasa wa kwanza, huku akifoka, "Msinisukumie kaunta! Mtihani haukimbii, nyinyi ndio mtakaoukimbia!"

Kwenye kaunta hiyo walisimama bega kwa bega watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa fundi nguo, msichana mrefu aliyevaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Mwingine alikuwa kinyozi. Shati lake jeupe lilipigwa pasi likanyooka, ila kwenye kola vilibaki vinywele vya mteja wa mwisho.

"Dada, samahani, umenikanyaga," alisema kinyozi.

"Nimekukanyaga, au umeweka mguu mahali pa mguu wangu?"

"Basi nisamehe kwa kuuweka mguu wangu chini ya kiatu chako."

Msichana alitabasamu bila kupenda. "Na usiniite dada. Niite fundi."

"Fundi wa nini?"

"Huioni futi?"

"Nilidhani umekuja kupima foleni."

Mwenye duka aliwakabidhi bahasha zao bila kuwatazama, na kila mmoja akashika njia yake. Jioni ile simu ya kinyozi iliita akiwa anafagia nywele sakafuni.

"Haloo. Namba hii nimeikuta juu ya karatasi zangu, ambazo naona si zangu."

"Sauti hii naijua. Inanikanyaga hata kwenye simu."

"Acha mzaha. Nina maswali ya sosholojia hapa, seti mbili, ya kwangu na ya kwako. Mwongozo wa majibu siuoni."

"Yote miwili ninayo mimi! Nimesoma ukurasa mzima nikijiuliza, hawa watu wanajibu nini?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Sasa fundi, wewe una maswali, mimi nina majibu. Tutagawana karatasi, au tutasoma pamoja?"

"Nitafikiri," alisema fundi. Kesho yake alifika saluni kabla hajamaliza kufikiri.

Wakawa wanasoma alasiri, saa ambazo wateja ni wachache. Siku nyingine walikaa saluni, fundi kwenye kiti cha kunyolea kinachozunguka, kinyozi kwenye benchi. Siku nyingine walikaa kwa fundi, chumbani kwa cherehani, kati ya nguo zilizokatwa na zisizokatwa. Wote wawili waliwahi kuufanya mtihani huo shuleni na kuanguka somo hilohilo. Bila alama ya sosholojia, fundi asingeingia chuo kikuu kusomea ustawi wa jamii, na kinyozi asingepata nafasi ya ualimu. Mwongozo wa majibu ulirudia jambo moja karibu kila swali: mtahiniwa atoe mifano kutoka katika jamii yake. Kwa hiyo walijiwekea utaratibu. Kila dhana lazima ipate mtu.

"Mgongano wa majukumu," alisoma fundi. "Haya, toa mfano."

"Mimi. Namnyoa mwenye nyumba wangu. Kama kinyozi natakiwa nimpendezeshe, kama mpangaji natamani nimtie upara."

"Udhibiti wa jamii?"

"Wewe. Ukinitazama hivyo siwezi hata kusinzia."

"Wembe wewe! Mdomo wako utakukata siku moja."

"Na wewe sindano. Unachoma, halafu unaunganisha."

Fundi aliinamia karatasi kuficha uso. Tangu siku hiyo yeye akawa Sindano, naye kinyozi akawa Wembe, na simu za usiku mwema zikaanza kurefuka.

Alasiri moja mvua iliwafungia chumbani kwa cherehani. Mada ilikuwa aina za familia. Kinyozi aliomba mfano, na fundi akavuta uzi kwenye pindo la sketi ya mteja.

"Ninao," alisema. "Ila si wa mtihani."

"Niambie mimi."

"Mama yangu alinizaa akiwa bado mwanafunzi. Bibi akanichukua, nikaambiwa bibi ndiye mama, na mama ni dada yangu mkubwa. Nimemwita Dada mpaka nilipovunja ungo. Siku hiyo jirani akagombana na bibi, akayamwaga yote uani."

"Na sasa?"

"Bibi alishafariki. Naishi na mama, anafua mashuka ya hospitali. Mpaka leo namwita Dada. Nimejaribu, ulimi unakataa. Naye anaitika tu. Ila juzi alikuja hapa, mtoto wa mteja akamwita mama yake, nikamwona ameacha kukunja kitambaa." Alikata uzi kwa meno. "Sijamwambia mtu mwingine."

Kinyozi aliushika mkono wake. Mvua ilipokatika hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Jumamosi ilikuwa siku ya kikundi. Watahiniwa wachache walikutana kwenye darasa la kuazima, wakaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Kiongozi wao alikuwa karani wa posta aliyerudia mtihani huo mara nyingi hata akaitwa Profesa.

"Familia," alisema Profesa, akigonga ubao. "Swali hili halikosi. Nani ana mfano usiotoka kitabuni? Mtahini amechoka na vitabu."

Saluni ina sheria yake. Mtu akikaa kitini husema mambo ya nyumbani kwake, na kinyozi huyasimulia kwa mteja anayefuata, ila jina hulimeza. Jina likimezwa, hesabu imekwisha, hakuna aliyesengenywa. Kinyozi alikuwa amefanya kazi kwa sheria hiyo tangu alipoanza kushika mashine ya kunyolea. Ndiyo maana alisimama bila kusita.

"Yupo mtu mmoja, simtaji," alianza kwa sauti yake ya saluni, na watu wakageuka wakitabasamu. Akasimulia bibi aliyeitwa mama, mama aliyeitwa dada, jirani na ugomvi wa uani. Akaeleza vizuri jinsi familia inavyopangwa na jamii, si damu peke yake. Alikuwa mchangamfu kuliko siku zote, kwa kuwa alitaka Sindano wake aone jinsi alivyoelewa mada.

"Alama zote!" Profesa alisema, akipiga makofi.

Lakini kila Jumamosi simu ya fundi huita darasani humo, na kila Jumamosi huijibu kwa maneno yaleyale: Naam, Dada, nikimaliza nakuja. Muuguzi mmoja aliyeketi mbele aligeuka taratibu.

"Fundi, dada yako huyo anayekupigia... si ndiye anafua pale kwetu hospitali? Mbona ni mtu mzima hivyo?"

Wote wakamgeukia fundi. Fundi alikusanya karatasi zake moja moja, akazisawazisha kingo, akatoka. Kinyozi alimkuta karibu na bomba la maji.

"Sindano wangu, sikutaja jina."

"Hukutaja. Ulitaja kila kitu kingine."

"Kule saluni sisi huwa..."

"Mimi si mteja wako! Nilikupa siri, sikukupa kichwa unyoe."

"Nilitaka tu..."

"Ulitaka kupigiwa makofi. Umepigiwa."

Baada ya hapo hakupokea simu. Kinyozi alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaandika ujumbe na kuufuta. Mwisho alichukua mwongozo wa majibu, ambao baada ya nakala yake kumwagikiwa maji ya saluni ulikuwa umebaki mmoja kwa wote wawili, akaupeleka chumbani kwa cherehani. Fundi alikuwa anampima mama mmoja kifua.

"Huu utakufaa kuliko mimi," alisema kinyozi, akauweka juu ya cherehani.

"Inua mkono, mama," fundi alimwambia mteja wake, kana kwamba mlangoni hapakuwa na mtu.

Saluni nayo ikapoa. Kinyozi alinyoa kimya, na wateja walizoea maneno.

"Vipi bwana, kuna msiba?" aliuliza mwenye nyumba wake, shingo ikiwa imefungwa shuka.

"Hapana, mzee."

"Basi sema kitu. Kunyolewa na bubu kunanitia wasiwasi."

Kinyozi alifungua mdomo, akakuta kila hadithi aliyonayo ni ya mtu. Akaufunga.

Alasiri ya kuamkia mtihani, mama yake fundi alikuwa anapiga pasi lile gauni la samawati. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni. Fundi alimwangalia kwa muda.

"Dada, swali la familia likija, nikuandike?"

Pasi ilisimama. "Unaniuliza ruhusa?"

"Ndiyo."

Mama aliigeuza kola, akaipiga pasi upande wa pili. "Andika. Lakini ukiandika, andika mama. Mtihani usiudanganye." Kisha akasema, "Na yule kinyozi ambaye siku hizi jina lake halitajwi?"

"Alisema bila kuniuliza."

"Alikosa. Mimi na bibi yako nasi hatukukuuliza, mwanangu. Tuliamua tu, tukasema ni kwa wema wako." Alilitundika gauni kwenye msumari. "Sisemi umsamehe. Nasema mtu hujulikana zaidi akishajua amekosa. Mtazame."

Asubuhi ukumbi wa mtihani ulinuka rangi mpya na jasho la woga. Karatasi zikagawanywa. Swali lenyewe lilikuwepo, la kuchagua, katikati ya ukurasa: mtahiniwa ajadili, kwa mifano kutoka katika jamii yake, kwamba familia ni zaidi ya damu. Fundi alivuta pumzi, akaandika bila kuinua kichwa. Safu chache nyuma yake, kinyozi alilisoma swali lile, akalisoma tena, akageuza ukurasa.

Nje, watu walijazana getini kama kuku waliofunguliwa.

"Limekuja! Si niliwaambia?" Profesa alipiga kelele. "Kinyozi, umemwaga ule mfano wako?"

"Sikulijibu."

"Hukulijibu? Ukajibu lipi?"

"La matabaka."

"Matabaka! Mimi mwenyewe nimelikimbia, na nimelisoma tangu enzi na enzi! Kijana, umejinyonga kwa kamba yako."

"Huenda."

"Sasa ukianguka?"

"Nitarudia. Utapata mwenzako."

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya Profesa, futi shingoni. Hata leo alisahau kuivua. Alimvuta kinyozi kando, kwenye kivuli cha ukuta.

"Ungeweza kuandika mfano mwingine."

"Nilijaribu. Kila mtu aliyenijia kichwani aliketi kwenye kiti changu, akasema akidhani anasema na mimi tu. Kichwa kimejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyeniruhusu." Alitazama viatu vyake. "Sikuomba msamaha vizuri siku ile. Nilijitetea kwa jina. Jina halikuwa kitu. Hadithi ilikuwa yako na ya mama yako, nami nikaigawa. Nisamehe, fundi."

"Mimi nimeiandika," alisema fundi. "Mwenyewe ameniruhusu."

"Hapo sawa. Utapata alama zote."

"Na wewe utaanguka, mpumbavu wewe."

"Afadhali nianguke hili kuliko nirudie lile la Jumamosi."

Fundi alimtazama kama alivyoambiwa amtazame, bila haraka. Kwenye kola palikuwa na vinywele. Alivipangusa kwa kidole.

"Ukianguka, nitakufundisha. Mwongozo ninao mimi."

"Na nisipoanguka?"

"Nitakufundisha kunyamaza. Hilo halina mwongozo."

Simu ya fundi iliita. Aliitazama, akaipeleka sikioni.

"Naam..." Alifumba macho. "Naam, Mama."

Kinyozi aliinua macho. Upande wa pili ikasikika sauti ndogo, na fundi akacheka huku anafuta macho kwa ncha ya futi.

"Nimeandika vizuri, Mama... Ndiyo, kama ulivyosema... Nakuja na mgeni. Ndiyo, yuleyule." Akasikiliza, akaiziba simu kwa kiganja. "Anasema uje. Lakini mdomo uuache saluni."

Kinyozi aliitika kwa kichwa tu. Akachukua mkoba wake, wakaondoka.