Jembe la Mwalimu Raymundi

Kila asubuhi, kijijini karibu na Lugoba, Tekla na jirani yake Chausiku walitwanga mpunga katika kinu kimoja. Huyu akiinua mchi, yule anashusha, na maneno hayaishi. Tekla alikuwa Mkatoliki, Chausiku Mwislamu. Kinu hakikuuliza.

Asubuhi moja Chausiku hakuja. Tekla alitwanga peke yake, lakini mchi mmoja hauna raha. Akamfuata kwake.

"Hodi, Mama Dadi! Unaumwa?"

"Siumwi," Chausiku alijibu kutoka ndani. "Kamuulize mumeo."

Tekla hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwepo mkutanoni Lugoba jana. Ulikuwa mwaka 1970, wakati wa uchaguzi. Mumewe, Mwalimu Raymundi, aligombea ubunge kwa alama ya jembe. Mpinzani wake alikuwa na alama ya nyumba. Mtu mmoja aliuliza wauaji wafanywe nini. Raymundi akapaza sauti: "Kazi ya jembe ni kung'oa magugu! Wanyongwe wote!" Watu wakashangilia. Raymundi akavimba kichwa.

Na Dadi, mtoto wa pekee wa Chausiku, alikuwa gerezani akingoja kunyongwa. Alimpiga mwenzake rungu katika ugomvi ngomani, mtu akafa. Rufaa yake ilikataliwa. Tekla alirudi nyumbani kwa aibu.

Jioni Katekista Hieronimo alipita kuwasalimu. Tekla hakungoja amalize chai.

"Katekista, tufundishe. Juzi kanisani mume wangu alisema uhai ni wa Mungu, hata wa mtoto aliye tumboni usiguswe. Jana kasema wanyongwe. Tushike lipi?"

"Mambo ya kanisani na ya siasa hayachanganywi, mke wangu," Raymundi alisema.

"Kuomba kura kwa dini ni mwiko, kweli," Hieronimo alisema. "Lakini ulimi wako ni mmoja, Mwalimu. Kanisa halijasema serikali haina haki ya kunyonga. Ila linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, na mkosaji naye ni mtoto wa Mungu. Anaweza kutubu. Kama juzi uhai ulikuwa wa Mungu, jana ulikuwa wa nani?"

"Na mama wa marehemu nimwambie nini?" Raymundi aliuliza.

"Kwamba muuaji atabaki kifungoni. Machozi yake hayatakauka kwa sababu mama mwingine analia. Tena mahakimu ni binadamu. Wakikosea, aliyefungwa hufunguliwa. Aliyenyongwa je?"

Tekla akaona pa kuingilia.

"Mheshimiwa Jembe, masika yaliyopita nani alinipalilia mpunga?"

"Mke wangu, hayo yamepita."

"Gugu changa hufanana na mpunga. Nilikwambia ngoja, ukasema una haraka. Ukang'oa hivi, ukang'oa vile. Tulikula nini mwaka mzima?"

"Mihogo," Raymundi alijibu kwa sauti ndogo. Hieronimo akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kisha akafuta mdomo. "Liko jambo moja asilolijua Chausiku. Sheria inampa Rais uwezo wa kumwondolea mtu adhabu ya kifo, akafungwa badala yake. Jamaa wanaruhusiwa kuomba."

Raymundi aliinuka palepale. Alisimama mlangoni kwa Chausiku, kofia mkononi. "Mama Dadi, nimekosa. Nilitafuta makofi. Kesho nitakupeleka ofisi ya wilaya, tukaombe." Mlango ukafunguliwa.

Mkutano uliofuata ulikuwa Ubena. Swali likaulizwa lilelile. Tekla akasogea mbele asikie.

"Wauaji wafungwe," Raymundi alisema. "Lakini kunyonga siungi mkono. Lugoba nilisema vingine, nisameheni. Mimi ni jembe lenye haraka. Nilimng'olea mke wangu mpunga nikidhani ni magugu. Mpunga ule haukurudi. Mtu naye harudi."

Wengine waliguna. Wengine wakaita, "Nyumba! Nyumba!" Bibi mmoja mbele akaangua kicheko: "Mkulima gani huyu!" Uwanja mzima ukacheka. Tekla alicheka pia, huku machozi yakimtoka. Huyu ndiye mume aliyemjua.

Siku ya kura nyumba ilishinda. Raymundi akarudi kwenye chaki yake. Lakini mbunge mpya alikuwa amemsikia Ubena, akaja mwenyewe kuunga mkono ombi la Chausiku.

Jibu lilikuja masika. Dadi hatanyongwa, atatumikia kifungo cha maisha. Chausiku alipiga vigelegele kutoka kwake mpaka shambani kwa Tekla. "Nitamwona mwanangu! Nitampelekea hata mkate wa kumimina!" Wakakumbatiana katikati ya mpunga, matope mpaka magotini.

Raymundi alifurahi sana. Akavua viatu, akachukua jembe, akaingia shambani kuwasaidia.

"Weka chini!" wanawake wote wawili wakapiga kelele.