Maiki Iliyonuka Mdomo

Kilichomkera Fundi kwanza jioni ile ni harufu. Wala si ya ukumbi, maana ukumbi ule ulinuka zulia bichi tangu enzi na enzi na watu walishauzoea. Hii ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu mwenye jino bovu, na ilitoka kwenye maiki.

Alikuwa fundi wa sauti, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, na hata mama yake mzazi alimwita Fundi. Jioni hiyo walipanda wanamuziki chipukizi sita, wale wanaojirekodia vyumbani na kujitangaza wenyewe, na wa mwisho alikuwa mdogo wake, Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Miaka minne Kitinda alitunga nyimbo upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Fundi, na miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kumwambia ameimba vizuri. Si kwa roho mbaya. Kazi yake ilikuwa kusikia makosa, basi akasikia makosa tu.

“Leo utaniambia ukweli,” Kitinda alimwambia mlangoni. “Ukisema mimi wa kawaida, naacha. Kweli tena.”

Sasa maiki ya mwimbaji ilikufa wakati wa majaribio. Fundi akapekua chini ya jukwaa, akakuta nyingine imeviringishwa utepe mweusi kuanzia kichwani hadi mkiani. Mafundi huviringisha hivyo kitu kibovu ili mwenzao asihangaike nacho. Yeye alilijua hilo, ila alikuwa miongoni mwa wale mafundi wasiokubali ubovu uliopimwa na mtu mwingine. Akauchana utepe kwa kisu. Sponji ya ndani ilikuwa na majimaji.

“Moja, mbili. Moja, mbili.”

Sauti ikaja nzito na safi, hajapata kusikia mfano wake. Akafumba mdomo. Masikioni, ndani ya hedifoni, mtu akameza mate.

Akajiambia ni nyaya. Akaifuta kwa spiriti mara mbili, na mara zote mbili harufu ikarudi.

Kijana wa gitaa ndiye aliyefungua dimba. Watu walimshangilia kama kichaa, lakini alishuka akijifuta ulimi kwa mkono wa shati, sauti imemkauka.

“Dada Fundi,” alinong’ona, “hicho kitu kimenilamba.”

“Acha utani wako.”

“Haki ya Mungu. Kimenilamba midomo.”

Wakafuata wasichana watatu, na mmoja wao akatapika nyuma ya pazia. Kufika mwimbaji wa tano, sponji ilivuja ute mzito uliojivuta kama uzi hadi sakafuni, na Fundi alipougusa ulikuwa wa vuguvugu. Kinyaa kilimpanda hadi utosini. Angeweza kuhamisha maiki ya gitaa, jambo la dakika moja. Hakuihamisha. Sauti ilikuwa tamu mno, naye alitaka mdogo wake asikike hivyo, walau mara moja, mbele ya watu.

Mtunza ukumbi, mzee mmoja mwenye funguo kiunoni, akaja akainama sikioni mwake.

“Mwanangu, umeitoa wapi hiyo?”

“Chini ya jukwaa.”

“Utepe niliuzungusha mimi! Humo limo jini. Linakula sauti za watu kwenye mate yao, na likishashiba linataka koo la kukaa. Anayeimba wa mwisho ndiye linayemwingia.”

Fundi akageukia jukwaa. Kitinda alishaishika.

“Linatolewaje, mzee?”

“Halitolewi. Ila humfuata aliyelifungulia, akilivuta kwa mdomo wake. Na likishamwingia, huyo asifumbue kinywa karibu na mtu. Litaruka.”

Kitinda akaanza, na ubeti wa kwanza ulikuwa wake, lakini wa pili ukaja na sauti nyingine chini yake, sauti yenye makohozi, ikitafuna maneno kabla hajayatamka, na Fundi akashusha sauti kwenye mitambo hadi mwisho na wimbo ukaendelea, akang’oa waya na wimbo ukaendelea, na watu wakapiga makofi wakidhani ni ufundi, huku shingo ya mdogo wake ikivimba na kitu cheupe, laini kama utando wa maziwa yaliyopoa, kikitambaa kutoka kwenye sponji kupanda mdomo wake wa chini, kikipapasa meno yake, kikitafuta upenyo.

Fundi alipanda jukwaani mbio, akampokonya, akaitia sponji yote kinywani mwake na kufyonza.

Ladha yake ilikuwa mate ya watu sita yaliyochachia mahali pamoja, na usaha, na kutu. Ule utando ukateleza juu ya ulimi wake, wa moto, ukijikunja. Akalazimisha meno kubanana, akameza hadi machozi yakamtoka, na maiki ikawa baridi mkononi, chuma kitupu kisicho na harufu.

Kitinda akakohoa, akajishika koo. Kisha, bila maiki, akamalizia ubeti wa mwisho kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, iliyopasuka mahali pamoja na kurudi. Fundi alisikiliza neno kwa neno. Hakusikia kosa hata moja la kusema.

Nyuma ya pazia Kitinda akamkumbatia, jasho linamchuruzika.

“Dada, sijui umefanya nini pale juu, lakini niambie. Nimeimbaje?”

Fundi alikuwa na neno lake, tayari kabisa, la miaka minne. Nyuma ya meno yake kitu kikapita jino baada ya jino, taratibu, kikingoja. Uso wa mdogo wake ulikuwa karibu kiasi cha kumpulizia. Fundi akabana midomo, akamsukuma, akageukia ukuta.

Kitinda akarudi nyuma hatua moja.

“Basi,” akasema. “Nimeelewa.”

Akachukua mkoba wake akatoka. Fundi akabaki amebana meno hadi taya zikamuuma, na ndani ya kinywa chake wimbo wa mdogo wake ukaanza kuimbwa, polepole, kwa sauti tamu isiyo na kosa.